Kufundisha Somo la Mboga, Matunda na Maradhi ya Moyo katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya Darasa la Tano, daftari la tathmini mkononi, nikimsikiliza mwanachuo akifundisha somo la lishe. Somo lilikwenda vizuri. Ubao uligawanywa kwa unadhifu, na zana zilikuwa vitu halisi: fungu la mchicha, nyanya, papai bivu na machungwa mawili. Wanafunzi walishiriki kwa furaha. Mwishoni mwanachuo aliandika muhtasari ubaoni: "Mtu anayekula mboga na matunda kila siku hapati ugonjwa wa moyo." Wanafunzi wakainakili sentensi hiyo. Ndipo msichana mmoja akanyosha mkono na kusema, "Mwalimu, babu yangu alikuwa analima mchicha, na sisi tulikuwa tunaula kila siku. Mbona amekufa kwa ugonjwa wa moyo?" Mwanachuo alisita kidogo, kisha akajibu, "Pengine hakuwa akila wa kutosha." Msichana akaketi. Hakunyosha mkono tena hadi kengele ilipolia.

Sentensi ile ya ubaoni ilikuwamo katika andalio la somo, na andalio hilo mimi ndiye niliyelikagua na kulitia sahihi siku iliyotangulia. Kwa hiyo kosa lilikuwa la watu wawili, na sehemu kubwa yake ilikuwa yangu. Mtoto alikuja shuleni na msiba, akarudi nyumbani na lawama juu ya marehemu.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, kumpa mwanachuo maarifa ya kutosha kuhusu uhusiano wa mboga, matunda na afya ya moyo. Pili, kuonyesha namna ya kuyafundisha maarifa hayo kwa ukweli, ili mwanafunzi aelewe kwamba chakula hupunguza hatari ya maradhi, wala hakiiondoi yote.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoua watu wengi kuliko maradhi mengine yote duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 1919 ukiacha nyuma na karne nzima kupita, yaani mwaka 2019, watu milioni 17.9 walifariki kwa maradhi hayo, sawa na asilimia 32 ya vifo vyote vya mwaka huo. Zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mwalimu basi asiwaambie wanafunzi kwamba haya ni maradhi ya matajiri wa mijini, au ya Wazungu. Yamo vijijini mwetu pia, ingawa aghalabu watu husema tu kwamba fulani "alianguka ghafla".

Moyo ni msuli unaosukuma damu mwilini kupitia mishipa iitwayo ateri. Msuli huo nao huhitaji damu yake wenyewe, na huipata kwa njia ya ateri ndogo zinazouzunguka. Kwa muda wa miaka mingi, lehemu, yaani kolesteroli, huweza kujikusanya ndani ya kuta za ateri, hata njia ya damu ikawa nyembamba. Utando unaofunika mkusanyiko huo ukipasuka, damu huganda mahali hapo na kuziba njia. Ikizibwa ateri ya moyo, mtu hupatwa na shambulio la moyo. Ikizibwa ateri ya ubongo, mtu hupatwa na kiharusi. Kiharusi huweza pia kutokea pale mshipa wa ubongo unapopasuka, hasa kwa mtu mwenye shinikizo la juu la damu.

Mboga na matunda husaidia kwa njia kadhaa. Njia ya kwanza ni madini ya potasiamu, yanayopatikana kwa wingi katika mboga za majani, ndizi mbivu, machungwa na parachichi. Potasiamu huzisaidia figo kuitoa sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi, na huzilegeza kuta za mishipa. Hivyo shinikizo la damu hupungua. Njia ya pili ni nyuzinyuzi. Baadhi ya nyuzinyuzi hushikamana na asidi za nyongo tumboni na kutoka nazo. Ini hulazimika kutengeneza nyingine, nalo hutumia lehemu iliyomo katika damu kwa kazi hiyo. Njia ya tatu ni rahisi kabisa kueleweka: sahani iliyojaa mchicha na nyanya chungu haina nafasi kubwa ya vyakula vilivyokaangwa kwa mafuta mengi.

Ushahidi wa tafiti

Mwanachuo atauliza: twajuaje haya? Swali hilo ni jema, na mwalimu ajizoeze kulijibu.

Ushahidi mmoja hutokana na kuwafuatilia watu wengi kwa miaka mingi. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 95 za namna hiyo. Ulionyesha kwamba kila nyongeza ya gramu 200 za mboga na matunda kwa siku iliambatana na upungufu wa takriban asilimia 8 wa hatari ya ugonjwa wa ateri za moyo, na asilimia 16 wa hatari ya kiharusi. Lakini tafiti za kufuatilia zina udhaifu wake. Mtu anayekula matunda mengi mara nyingi pia havuti sigara, hufanya mazoezi ya mwili, au ana fedha za matibabu. Ni vigumu kutenganisha kabisa kazi ya tunda na kazi ya mambo hayo mengine.

Ushahidi wa aina ya pili hutokana na majaribio. Huko Marekani watu wazima 459 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu, wakapewa chakula kilichoandaliwa kwa ajili yao kwa muda wa wiki 8. Kiasi cha chumvi na uzito wa miili yao havikuachwa vibadilike. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Kundi lililoongezewa mboga na matunda lilipungukiwa na shinikizo la damu la juu kwa milimita 2.8 za zebaki zaidi ya kundi lililokula chakula cha kawaida. Kundi lililopewa mboga, matunda, maziwa yenye mafuta kidogo, na mafuta machache kwa jumla lilipungukiwa kwa milimita 5.5. Tofauti hizi zaonekana ndogo kwa mtu mmoja, lakini katika taifa zima zina uzito mkubwa.

Je, yatosha kumeza vidonge vyenye viini vya mboga? La. Betakarotini ni kiini kinachoyapa karoti na maembe rangi yake. Kilitengenezwa kama kidonge, na madaktari wanaume 22,071 wa Marekani wakashiriki katika jaribio la kukipima. Baada ya miaka ipatayo 12 haikuonekana faida yoyote kwa moyo. Katika jaribio lingine lililofanywa Finland kwa wanaume wavutaji sigara 29,133, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 1994, waliopewa kidonge hicho walipatwa na saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Kutokana na hayo twajifunza kwamba embe ni zaidi ya kiini kimoja kilichomo ndani yake.

Neno "mboga" lina maana mbili

Kabla ya kuingia darasani, mwanachuo azingatie jambo moja la lugha. Katika nyumba nyingi neno "mboga" lina maana ya chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali: samaki, nyama, dagaa au maharage. Mwalimu akiuliza, "Jana mlikula mboga gani?" atajibiwa, "Dagaa", naye atadhani mwanafunzi hakuelewa. Mwanafunzi ameelewa vizuri; swali ndilo lenye kasoro. Inafaa basi mwalimu aanze kwa kutenganisha kitoweo kwa jumla na mboga za mimea, kama vile mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mnafu, mgagani, mlenda, bamia, biringanya na karoti. Aeleze vilevile kwamba viazi na mihogo, ingawa hutoka shambani, havihesabiwi hapa, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kutia nguvu mwilini.

Mwenendo wa somo

Somo hili lafaa kufundishwa kwa vipindi viwili mfululizo. Zana zake zote zapatikana katika mazingira ya shule.

Hatua ya kwanza: mapigo ya moyo. Kila mwanafunzi aweke vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, ahesabu mapigo kwa dakika moja akiwa ametulia. Kisha wale wenye afya nzuri waruke mahali walipo kwa dakika moja na kuhesabu tena. Waandike hesabu zote mbili. Kwa njia hii moyo huacha kuwa mchoro wa kitabuni, ukawa kitu ambacho mtoto anakihisi mwenyewe.

Hatua ya pili: mshipa uliozibwa. Chukua vikonyo viwili vya majani ya mpapai, vyenye urefu na unene ulio sawa. Vikonyo hivi vina uwazi ndani. Vioshwe kwanza, maana utomvu wake huwasha. Kimoja kiache kama kilivyo. Katika kingine tia udongo wa mfinyanzi upande mmoja, ukiacha tundu dogo tu. Mimina kikombe kimoja cha maji katika kila kikonyo kwa kutumia chupa iliyokatwa kitako, huku darasa likihesabu kwa sauti. Wanafunzi waseme wenyewe tofauti waliyoiona. Hapo mwalimu aeleze pia mipaka ya zana yake: katika mwili wa binadamu lehemu hujikusanya ndani ya ukuta wenyewe wa mshipa, na kazi hiyo huchukua miaka mingi, wala haitokani na mlo wa siku moja.

Hatua ya tatu: kiasi cha kula. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, yaani sehemu 5 za gramu 80 kila moja. Azima mizani ya dukani, au tengeneza mizani ya kijiti na vifuniko viwili. Wanafunzi wapime embe, chungwa, fungu la mchicha na nyanya. Wataona kwamba gramu 400 ni nusu kilo kasoro gramu 100. Watastaajabu kuona jinsi majani yanavyohitajika kuwa mengi ili yafike gramu 80, na jinsi kipande cha papai kinavyofika upesi. Hapa somo la Sayansi hushikana na la Hisabati.

Hatua ya nne: hatari ni nini. Hii ndiyo hatua ambayo ilikosekana katika andalio nililolitia sahihi. Chukua mifuko miwili ya nguo. Katika kila mmoja tia punje 20 za mahindi zilizo sawa kwa ukubwa. Katika mfuko wa kwanza punje 5 ziwe zimepakwa wino mweusi; katika mfuko wa pili ziwe 4. Mfuko wa kwanza uwe mfano wa watu wanaokula mboga na matunda kwa nadra, na wa pili uwe mfano wa wanaokula kwa wingi. Punje nyeusi ni ugonjwa. Waambie wanafunzi waziwazi kwamba idadi hizi ni za mchezo tu, si takwimu za watu halisi.

Kila mwanafunzi achovye mkono bila kutazama, atoe punje moja kutoka kila mfuko, aonyeshe rangi, kisha airudishe. Kiongozi wa darasa aweke alama ubaoni. Katika darasa la wanafunzi 60 tungetarajia punje nyeusi zipatazo 15 kutoka mfuko wa kwanza na 12 kutoka wa pili. Lakini huenda hesabu ikatoka vingine, hata mfuko wa pili ukazidi. Mwanachuo asiingiwe na hofu jambo hilo likitokea, wala asifiche matokeo. Awaulize wanafunzi: je, mchezo wa darasa moja watosha? Ndipo watakapoelewa kwa nini wataalamu huchunguza maelfu ya watu, na kwa nini habari ya mjomba mmoja aliyevuta sigara akafika miaka 90 haithibitishi kwamba sigara haina madhara. Mjomba huyo alichovya mkono katika mfuko mbaya, akatoka na punje nyeupe.

Halafu uliza swali kubwa la somo: "Mwenzetu aliyetoa punje nyeusi katika mfuko wa pili amefanya kosa gani?" Watoto watajibu kwamba hakufanya kosa lolote. Jibu hilo likitoka vinywani mwao, mwalimu amefaulu.

Kutoka darasani hadi jikoni na bustanini

Elimu ya lishe isiyofika chunguni haina faida kubwa. Wanafunzi wafundishwe kuosha mboga kabla ya kuzikata, kwa kuwa baadhi ya vitamini huyeyuka katika maji. Mchicha na majani laini yapikwe kwa muda mfupi kwa maji kidogo, na maji hayo yasimwagwe. Magadi hulainisha mboga, lakini huharibu baadhi ya vitamini na kuongeza sodiamu; afadhali yapunguzwe au yaachwe. Chumvi nayo itiwe kwa kiasi, kwani Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Kisamvu kina sharia yake peke yake: hutwangwa na kupikwa kwa muda mrefu hadi kiive kabisa, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule nyingi zimekuwa na bustani. Mwalimu mpya ajiulize mboga za bustani ya shule yake huenda wapi. Ikiwa zote huuzwa ili kununua chaki, na wanafunzi waliozimwagilia hawazionji, basi bustani inafundisha biashara tu. Matuta machache yatengwe kwa ajili ya chungu cha shule, na miche michache ya mipapai ipandwe. Mpapai ukitunzwa vizuri huzaa upesi kuliko miti mingi ya matunda.

Mwalimu ajihadhari pia asiwaaibishe watoto wa nyumba maskini. Asiwaulize mbele ya wenzao nani amekula tunda na nani hakula. Wala asisifu matunda ya kutoka ng'ambo yanayouzwa kwa bei kubwa, huku mapera, ukwaju, ubuyu na zambarau vikianguka kando ya njia ya shule.

Maneno ya kuchaguliwa kwa uangalifu

Maneno "hukinga kabisa", "huponya" na "hapati" yaondolewe katika muhtasari wa somo hili. Mahali pake yatumiwe "husaidia kupunguza hatari". Sentensi ya ubaoni iwe hivi: "Kula mboga na matunda kwa wingi kila siku husaidia kupunguza hatari ya maradhi ya moyo." Ni ndefu kidogo kuliko ile ya kwanza, lakini ni ya kweli.

Wanafunzi waelezwe pia kwamba hatari ya maradhi ya moyo ina vyanzo vingine: umri, urithi wa ukoo, sigara, chumvi nyingi, ugonjwa wa kisukari, kukaa bila kushughulisha mwili, na shinikizo la damu lisilotibiwa. Zaidi ya yote, mtoto asirudi nyumbani na kumwambia bibi yake aache dawa za shinikizo la damu kwa kuwa mwalimu amesema mchicha watosha. Mgonjwa huendelea na dawa zake kama alivyoagizwa na mganga. Na mwenye ugonjwa wa figo hufuata ushauri wa hospitali hata katika uchaguzi wa matunda, maana figo dhaifu huenda zisiweze kuitoa potasiamu iliyozidi.

Hitimisho

Wiki iliyofuata nilirudi katika darasa lile pamoja na mwanachuo wangu, tukiwa na mifuko miwili na punje za mahindi. Baada ya mchezo, mwanachuo alifuta ubaoni sentensi ya zamani, aliyoiandika tena kwa makusudi, akaandika mpya. Kisha akamwambia yule msichana mbele ya darasa, "Nilikujibu vibaya. Babu yako alifanya jambo jema kulima mchicha na kuwalisha ninyi. Ulimpunguzia hatari, lakini haukuweza kuiondoa yote. Hakukosea." Msichana aliuliza kama wanaweza kupanda mchicha wa babu katika bustani ya shule, kwa kuwa mbegu zake bado wanazo nyumbani. Mwanachuo alikubali.

Mwalimu anayesahihisha kosa lake mbele ya wanafunzi hapungukiwi na heshima. Anayeliacha ubaoni ndiye anayewadai watoto wasichokuwa nacho.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Andika andalio la kipindi kimoja kwa Darasa la Nne kuhusu mboga za majani zinazopatikana karibu na chuo chako. Onyesha jinsi utakavyoeleza maana mbili za neno "mboga".

2. Mwanafunzi anasema, "Baba hali matunda kabisa na ana afya njema." Utamjibuje bila kumkebehi baba yake na bila kuacha ukweli?

3. Fanyeni mchezo wa punje katika kikundi chenu mara tatu. Linganisheni matokeo, kisha jadilini kwa nini hayakulingana.

4. Chunguza muhtasari wa masomo matano ya afya uliyowahi kuyafundisha. Ni sentensi zipi zilizoahidi zaidi ya yale yanayojulikana? Ziandike upya.